Chama cha Mazishi Chaenda Harusini Bombei

Nilikwenda Bombei kwa sababu binti yangu alikuwa anaolewa. Nikisema hivyo, wenzangu wenye maduka Kikuubo hucheka, maana wanajua nimezaa wavulana watatu basi. Lakini Nasim nimemnyonyesha mimi. Alizaliwa wiki moja na Twaha wangu, na mama yake, Shirin, jirani yangu Mhindi, akashikwa na homa kali hata maziwa yakakauka. Milango yetu ilitazamana pale Kisenyi, Kampala. Mtoto akaletwa kwangu amefungwa kwenye shali, nikampa titi la kushoto, Twaha nikamwachia la kulia, kwa miezi saba. Katika dini yetu hiyo si hisani ya jirani, ni uzazi. Nasim akawa binti yangu, na wanangu hawawezi kumwoa hata dunia ipinduke.

Kisha ikatoka ile amri ya serikali, na Wahindi wakapewa siku tisini kuondoka. Nasim alikuwa na miaka kumi na sita. Mwaka wa tatu barua ikaja kutoka Bombei: anaolewa, na harusi ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi wa kwanza. Chini kabisa alikuwa ameandika kwa mkono wake: "Mama Twaha, nimewaambia wakwe zangu nina mama wawili, kwa hiyo watoe mikaja miwili. Dadima, bibi yake bwana harusi, amesema mkaja wa pili hautoi mpaka amwone huyo mama kwa macho yake. Uje."

Mkaja, kwa asiyejua, ni kitambaa wanachokitoa watu wa bwana harusi kumshukuru mama wa bibi harusi kwa tumbo lake na kifua chake. Thamani yake si kubwa. Ila mwanamke asiyepewa mkaja, basi huyo mtoto hakuwa wake. Nilikunja barua nikajiambia, nitakwenda hata kwa kutambaa.

Kampala, kwa Ssalongo. Huyu Ssalongo ni baba wa mapacha, kama jina lenyewe linavyosema kwa Kiganda, na alikuwa karani wa tiketi za ndege tangu enzi za wenye ofisi wa zamani. Mwenye ofisi mpya alikuwa anauza sabuni na betri juu ya kaunta ileile, kwa hiyo Ssalongo alinifungulia kitabu cha nauli katikati ya vipande vya sabuni.

"Mama Twaha, mutu moja kwenda Bombei, utauza duka na wewe mwenyewe juu," alisema. "Lakini iko nauli ya kikundi. Hiyo rahisi sana. Watu kumi na tano, chama ya kweli, iko na katiba na muhuri. Munakwenda pamoja, munaludi pamoja. Mumoja akibaki huko, wote munalipa ile bei kubwa. Kwaya munayo?"

"Sisi Waislamu, Ssalongo."

"Mupira?"

"Kwa miguu hii?"

"Basi chama gani munayo?"

Nikatazama zile sabuni. Chama nilichokuwa nacho kilikuwa kimoja, nami nilikuwa katibu wake. "Tuna chama cha kuzikana."

Ssalongo akalamba ncha ya kalamu. "Muhuri iko?"

"Upo."

"Ndege haiulizi munazika nani."

Chama chetu kilikuwa cha mtaa. Mtu akifa, sisi hufika na mikeka, sufuria na kuni kabla jamaa hawajapata nguvu ya kusimama, tukapika, tukapokea wageni, tukakaa matanga siku tatu. Miaka ile tulikuwa na kazi nyingi. Mara nyingine tulitandika mikeka bila jeneza, kwa mtu aliyepakiwa kwenye gari mchana asionekane tena, na mwenyekiti wetu alipouliza maswali ya kitabu cha chama, amefia wapi, amezikwa wapi, hapakuwa na wa kumjibu, na mstari ukabaki mtupu. Mwenyekiti huyo ni Mzee Faraji, Mnubi, dereva wa malori mstaafu, ambaye hatoki nyumbani bila mwiko wake mrefu wa kusongea, kama wengine wasivyotoka bila fimbo. Yeye ndiye aliyesimamia kanuni ya kwanza ya chama: habari ya kifo haiandikwi wala haipigiwi simu. Hupelekwa na watu, kwa miguu yao, ili asiwepo wa kuisikia akiwa peke yake.

Nilipowaeleza wanachama, walijaa kumi na watano siku hiyohiyo. Mmoja alitaka kutibiwa macho, wawili walitaka vitambaa, wengine walitaka tu kujua mawingu yakoje kwa juu. Vibali vya kutoka vilitutoa jasho mwezi mzima, ila tulivipata. Ssalongo akapeleka simu ya maandishi kwa Shirin, kama taratibu za nauli ile zilivyotaka: watu kumi na watano wa Chama cha Mazishi, Kampala, watafika Alhamisi. Kila neno lililipiwa na mwenye ofisi alikuwa bahili, hakuongeza hata moja. Nami katibu nilisoma, nikapiga muhuri, nikaona ni sawa, tena inatosha, wala sikuandika barua.

Jumatatu asubuhi, Port Bell. Ndege ya bei nafuu ilikuwa inaondokea Nairobi, kwa hiyo tulianza kwa meli ya ziwani hadi Kisumu. Gari letu lilipopita Luzira, karibu na ukuta wa gereza, kila mtu alitazama magoti yake. Gatini alikuwapo mwanajeshi wa kukagua. Alichambua mikungu yetu ya ndizi za matoke, akanusa mfuko wa kahawa, akauchukua mwiko wa Mzee Faraji.

"Nyinyi kikundi gani?"

"Chama cha kuzikana, afande."

"Nakwenda kuzika nani?"

Swali hilo, kutoka kwa mtu wa namna ile, wakati ule! Mzee Faraji akasema taratibu, "Hatuziki mtu, afande. Tunakwenda harusi."

Yule mwanajeshi akatazama muhuri kwenye kitabu chetu, akatazama mwiko, akaangua kicheko mpaka akaegemea uzio. "Chama ya kuzika nakwenda harusi! Pita, pita haraka. Mimi hapana taka jina yangu iko katika hii kitabu."

Tulipita haraka kuliko alivyoomba.

Jumatano, Nairobi. Baada ya meli na treni tulikuwa tumevimba miguu, lakini tulipoiona ndege wote tulisahau. Mzee Faraji alituhesabu chini, akatuhesabu ngazini, akatuhesabu tena ndani tukiwa tumefungwa mikanda, kana kwamba kuna aliyeweza kushuka njiani. Chakula kililetwa kwenye vijisahani vidogo, na shoga yangu wa kiti cha pili akamwambia yule binti anayegawa, "Mwanangu, hiki cha kuonja tumekiona, sasa lete chenyewe." Tulitua Aden ambako hewa iliingia mlangoni ya moto kama umefunua tanuri, tukaruka tena. Sijawahi kucheka hivyo. Miaka mitatu Kampala tulikuwa tunacheka kwa kuangalia kwanza nani yuko nyuma.

Alhamisi alasiri, Bombei. Tulitoka uwanjani kwa mstari, mikungu ya matoke kichwani, nami nikamwona Shirin kwenye uzio. Alikuwa amevaa nyeupe tupu za msiba, macho yamevimba. Nikapaza sauti, "Shirin!" Akageuka, akaniona, akapiga ukelele uliosimamisha wapagazi wote.

"Umekufa!" alisema. Alinishika mashavu, akanibonyeza kama anayechagua nanasi sokoni. "Mama Twaha, wewe umekufa!"

"Nani kasema?"

"Si nyinyi mmekuja kuniambia?"

Hapo ndipo nilipoona nilichokifanya. Shirin alikaa nasi miaka ishirini. Aliijua kanuni yetu kuliko wengi wetu. Aliposoma kwamba chama cha mazishi kinakuja, watu kumi na watano, tena kwa ndege, hakuhitaji zaidi. Kampala alikuwa na mtu mmoja tu wa kuletewa msiba wake kwa namna hiyo, na mtu huyo ni mimi. Tulikumbatiana tukilia na kucheka, naye kila mara alikuwa akiniachia kidogo anitazame tena.

"Na harusi?" nikauliza.

Shirin akajifuta. "Hakuna harusi. Nasim ameisimamisha."

Njiani alinieleza huku teksi ikipita kati ya mashine za kuchimba na majengo yaliyovikwa mianzi. Mji wote ulikuwa unavunjwa na kujengwa kwa wakati mmoja. "Hapa palikuwa bahari," alisema tulipofika kwake. "Wakaijaza mawe, wakatuweka juu." Jengo lilikuwa la ghorofa kumi na mbili, yeye akikaa ya tisa. Mzee Faraji aliikataa lifti. "Kwenye sanduku nitaingia mara moja tu," alisema, akapanda ngazi zote na mwiko wake, akihema.

Nasim alikuwa ameketi sakafuni, nywele hazijachanwa, mikono haina hina. Siku nne alikuwa amewaambia watu wote kwamba mama yake amefariki na yeye haolewi, na walipomwambia mama yako si huyu hapa, alijibu, "Huyu mmoja." Alipoinua macho akaniona mlangoni hakupiga kelele kama mama yake. Alisimama, akaja, akaweka kichwa kifuani kwangu, upande wa kushoto. Mungu anisamehe, nilifurahi kuliko siku niliyomzaa Twaha. Nilikuja kuuliza kama bado ni mwanangu, na nikakuta jibu limeshatolewa.

Lakini furaha hiyo ilikuwa na bei. Kabla ya magharibi akafika Dadima mwenyewe, mwanamke mdogo wa mwili, fimbo mkononi. Alizungumza Kikuchi, lugha yao ya Kihindi, na Shirin akatufasiria. Mjukuu wake alikuwa na kazi Uarabuni, kule Ghuba, na Jumatatu anaruka, harudi kwa miaka miwili. Wapishi wamekwisha kuchukuliwa na harusi nyingine. Wageni wameambiwa wasije. Na hata kama yote hayo yangewezekana, yeye haruhusu wazikaji waingie kwenye nyumba ya harusi.

"Kumbe harusi ife kwa ajili yangu?" nilisema, na machozi yakanitoka.

Mzee Faraji akajisogeza. "Mwambie bibi, sisi hatuleti kifo. Kifo huja chenyewe. Sisi huja baadaye na sufuria. Wageni ni wangapi?"

"Mia tatu," Shirin akafasiri.

"Na siku ni lini?"

"Keshokutwa."

Wenzangu wakaanza kucheka. Mzee Faraji alijizuia, kwa heshima. "Keshokutwa! Mama, kwetu mtu akifa alfajiri huzikwa adhuhuri, na watu mia tano wamekula. Keshokutwa ni muda wa kulala usingizi."

Dadima alitutazama mmoja mmoja. Kisha akasema maneno machache, akaondoka na fimbo yake. Shirin akatufasiria: "Atakuja Jumamosi. Akikuta moshi na wali mbichi, atamchukua mjukuu wake aende zake."

Ijumaa, siku ya vyombo. Mzee Faraji aligawa kazi kwa mwiko: nyinyi wanne vitunguu, nyinyi watatu mchele, wewe na wewe mkaa, vijana wa bwana harusi wapite kwa wageni wote kuwaambia, kwa miguu yao. Mimi na Shirin tulipewa vyombo. "Mgonge kila mlango," aliagiza. "Msibani hakuna mlango unaorukwa."

Shirin akaona haya. "Mama Twaha, sijui watu wa hapa. Hata wa juu yangu simjui."

"Miaka miwili?"

"Hapa mtu anafunga mlango wake."

Basi tukaifungua milango hiyo. Ghorofa ya kumi na mbili bwana mzee mpweke alitoa viti na akaomba na yeye aje. Ya kumi, bibi mmoja wa Kihindu alitoa mapipa mawili ya maji, akasema nyama haiwezi kuiona ila vitunguu anaweza kumenya. Ghorofa ya tano mama mmoja mnene alifungua, akasikia tunanong'onezana, akashika kiuno. "Nyinyi mnaongea Kiswahili? Watu wa wapi?" Alikuwa wa Jinja! Miaka miwili alikuwa akipanda lifti moja na Shirin, wakitazama namba za ghorofa, kila mmoja akimeza Kiswahili chake. Walikaa chini palepale mlangoni wakaulizana habari za watu wote wa Uganda, walio hai na waliokufa, mpaka nikawakumbusha sufuria.

Jumamosi, juu ya paa. Tulipika huko, moshi ukienda baharini. Pilau ilikuwa sufuria sita, matoke tuliyoyabeba tuliyavika majani yake tukayapika kwa mvuke, na wageni wakasogea kuuliza ndizi hizo ni ndizi gani. Watu walizidi mia tatu, maana kila ghorofa iliyotoa sufuria ilikuja kuifuata. Dadima alipanda akaonja kijiko kimoja.

"Anasema chumvi imepungua," Shirin alifasiri.

"Mwambie," akajibu Mzee Faraji, "wafiwa huongeza kwa machozi. Leo tumesahau kwamba hakuna anayelia."

Dadima alicheka, meno mawili yote yakaonekana. Akaamuru chumvi iletwe, nikah ikasomwa saa nane mchana. Kisha ikaja zamu ya mikaja. Shirin alipewa wake. Dadima akachukua wa pili, wa kijani wenye mshono wa dhahabu pembeni, akasimama mbele yangu.

"Anauliza, titi lipi?"

"La kushoto."

Akautandika kwenye bega langu la kushoto, akaupapasa ukae sawa. Wenzangu walipiga vigelegele ambavyo nadhani vilisikika Entebbe. Nililia bila aibu, na nilimwona Mzee Faraji akijifuta kwa kisingizio cha moshi.

Jumapili tulizungushwa mjini kwa mabasi ya ghorofa mbili, tukapigwa na upepo wa bahari, wa macho akatibiwa macho, wa vitambaa wakanunua. Alasiri Dadima alikuja na ombi. Alitaka aandikwe chamani.

"Bibi, sisi tuko mbali," Mzee Faraji alisema.

Dadima alijibu kirefu, na Shirin akafasiri akiwa ameinamisha kichwa. "Anasema nyumba yake ya zamani inavunjwa mwaka huu. Watoto wake mmoja kwenye ghorofa huku, mwingine kule, mjukuu Ghuba. Anasema mji huu mpya ni mzuri, ila mtu anaweza kufa ndani yake na jirani akaendelea kusubiri lifti. Nyinyi ni wa mbali, lakini mnagonga milango."

Mzee Faraji akafungua kitabu. Nikaandika jina lake, nikamsomea kanuni zote, pamoja na ile ya kwanza. Nasim alisimama nyuma yake akisikiliza.

Jumatatu, uwanjani. Bwana harusi aliruka kwenda Ghuba asubuhi, sisi mchana. Shirin alinivuta pembeni. "Baki. Unajua unakorudi."

Nilijua. Sitaki kudanganya kwamba sikufikiri. Nilimtazama Mzee Faraji akituhesabu kwa mwiko, moja, mbili, tatu, mpaka kumi na nne, akasimama, akanitafuta kwa macho. "Tulikuja kumi na watano," nilimwambia Shirin, "na nikibaki, hawa wote watadaiwa kwa sababu yangu. Na nikiacha kurudi mimi, na mwingine akaacha, wale wa Kisenyi nani atawatandikia mikeka?" Nikamkabidhi Nasim kwake, na yeye kwa Nasim, nikaenda kuwa wa kumi na tano.

Kampala, wakati wa masika. Nilikuwa dukani Kikuubo mvua inanyesha, akaingia kijana wa Kihindi, mwalimu aliyekuja kwa mkataba kufundisha hesabu, ana siku mbili tu nchini. Kiswahili hakukijua. Alisimama mbele yangu wima, kama mwanafunzi anayeimba shairi, akatoa maneno aliyofundishwa:

"Mama Twaha. Nasim amenituma. Sikuleta barua. Nimekuja kwa miguu yangu."

Nikamkalisha kabla hajamaliza. Mchana ule tulitandika mikeka kwangu. Mtaa ukaja, watu wakiuliza kwa sauti ya chini, kama ilivyokuwa desturi ya miaka ile, safari hii wamemchukua nani. Nilikuwa nimejifunga mkaja wangu wa kijani kiunoni. Mzee Faraji akafungua kitabu kwenye jina la Dadima, akamwuliza kijana maswali yetu, nami nikifasiri kwa Kiingereza changu cha dukani.

"Amefia wapi?"

"Kitandani kwake, kwenye jengo lile la Shirin, usingizini."

"Nani alikuwa naye?"

"Nasim na Shirin. Wakagonga milango, wakaja mama wa ghorofa ya tano na majirani wa ghorofa zote."

"Amezikwa wapi?"

Kijana akataja makaburi, mstari, na mti ulio karibu.

Mzee Faraji alishika kalamu bila kuandika. Tulikuwa na muda mrefu hatujajaza mstari ule. Kisha mwanamke mmoja nyuma, ambaye mumewe tulimtandikia mikeka bila jeneza mwaka uliopita, akasema, "Alhamdulillahi," na watu wote wakaitikia, na tukamlilia Dadima wetu wa Bombei kwa raha, kwa sauti kubwa, bila kuangalia nani yuko nyuma.

Yule mwalimu alitaka kuaga. Mzee Faraji akampa kisu na kikapu cha vitunguu.